Nilimbadilishia Mume Wangu Dawa ya Kutetemeka

Mshauri Damari, nakusalimu kutoka Shelui na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikemea, mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, nina mgahawa mdogo wa chai na chapati pale malori yanapoegesha, na magazeti yenye safu yako huwa nayasoma kwanza kabla sijafungia wateja chapati, kwa hiyo ukali wako naujua, lakini sina mwingine wa kumweleza kwa sababu kila mtu ninayemfahamu anamfahamu pia mume wangu.

Mume wangu nitamwita baba Radhia, ndivyo ninavyomwita hata nyumbani. Ana miaka hamsini na nane na kazi yake ni kuchora maandishi kwenye malori, majina ya wenye magari, majina ya watoto wao, dua, namba za simu, na ameifanya kazi hiyo tangu kabla hajanioa, na hapimi kwa rula, anasimama mbele ya tela, anafumba jicho moja, kisha anaanza kushoto na kumaliza kulia na herufi zote zinakaa sawa kama zimepigwa na mashine.

Mwaka jana baada ya kuvuna alizeti kidole gumba chake cha mkono wa kulia kilianza kucheza, si wakati anafanya kazi, ni akiwa amekaa tu anasikiliza redio, kinasuguana na kidole cha shahada kama mtu anayehesabu sarafu, nikamuuliza, "Baba Radhia, unahesabu nini?" akasema, "Nahesabu miaka uliyonichosha," tukacheka, ikapita. Baadaye nikaona mkono huo akitembea hautikisiki, umekaa tu ubavuni, na mguu wa upande huo anauburuza kidogo, na siku moja maharage yaliungua jikoni mpaka majirani wakauliza, yeye amekaa mlangoni anasema hajasikia harufu yoyote, mimi nikaona ni umri.

Binti yetu Radhia yuko Dodoma, ni mwalimu, alikuja sikukuu ya Idi akamtazama baba yake siku mbili tu, akasema, "Mama, baba hapepesi macho. Anakutazama kama picha." Wiki iliyofuata tulipanda basi sote watatu mpaka Dodoma kwenye kliniki moja ya watu binafsi. Daktari alimwambia agonganishe vidole, atembee kwenye korido, aandike jina lake mara tano, jina la kwanza lilikuwa kubwa na la tano nililisoma kwa shida. Daktari akasema, "Nahisi ni ugonjwa wa Parkinson. Hakuna kipimo cha damu cha kunihakikishia. Tuanze dawa, tuone mwili unavyoitikia." Nikauliza, "Dokta, si mapema mno? Mtu anafanya kazi, anakula, anakwenda msikitini mwenyewe." Radhia akanijibu kabla ya daktari, akasema, "Mama, tusisubiri mpaka ashindwe kushika kijiko. Dokta, tuanze leo." Baba Radhia alikuwa amekaa katikati yetu na kofia yake magotini, na sasa nikikumbuka sioni kwamba kuna mtu alimuuliza.

Dawa zilikuwa vidonge vya njano, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Mfuniko wa ile chupa ulimsumbua vidole kwa hiyo nikawa mimi ndiye ninayezitunza na kumwekea kidonge kiganjani pamoja na chai. Wiki ya kwanza alikuwa akitapika, na akisimama anapata kizunguzungu, siku moja alikuwa juu ya ngazi anachora kichwa cha lori akashuka vipandio vitatu akaketi chini kwenye vumbi, madereva wakadhani amefunga. Mimi nikawa najiambia, huyu mtu kabla ya vidonge alikuwa na kidole kinachocheza, baada ya vidonge amekuwa mgonjwa.

Ndipo nikazungumza na Marietha, ni mwenzangu anauza vitunguu kule Mkiwa, baba yake alikuwa na ugonjwa huohuo. Akaniambia, "Mzee wangu dawa ilimsaidia sana miaka ile ya mwanzo. Halafu ikamgeuka. Akawa anachezacheza mabega na shingo, hatulii, na ikichelewa saa moja anaganda kama mti. Wewe dada, hiyo dawa itunze. Ukiitumia sasa hajazidiwa, akizidiwa utampa nini?" Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani na sikumwambia mtu.

Lakini mshauri, si hilo peke yake, na hapa ndipo naona aibu kuandika. Wiki ya tatu kutapika kulipungua, na asubuhi moja nikaingia chumbani nikamkuta amefunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote, mpaka cha kola, kazi ambayo nilikuwa namfanyia tangu mwezi wa pili. Akaniangalia akatabasamu, tabasamu lenyewe, si lile la uso uliokazika. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliogopa, kwa sababu kama dawa inamponya vidole basi ule ugonjwa ni kweli upo, na daktari alisema hauponi. Wiki hiyohiyo nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vya vitamini B, navyo ni vya njano, nikavitia kwenye chupa yake, vile vyenyewe nikavificha kwenye kopo la iliki.

Imepita wiki tano sasa. Siku za mwanzo nilijipongeza, kizunguzungu kiliisha, akala vizuri, akaniambia, "Naona mwili umezoea dawa," nikamwambia, "Alhamdulillahi." Kisha akaanza kurudi nyuma, na akarudi kupita pale alipokuwa. Hatua zikawa fupi, anaanza kutembea kama mtu aliyefungwa kamba miguuni, kugeuka kitandani mpaka nimvute bega, sauti ikashuka mpaka wateja wanamwambia rudia. Wiki mbili zilizopita alikuja Idrissa, mwenye malori matatu, mteja wake wa miaka kumi na moja, anataka jina la mama yake nyuma ya tela, SIKUDHANI. Baba Radhia alichora asubuhi nzima. Nilipompelekea chai nikaona herufi ya kwanza ni kubwa kama sahani na ya mwisho ni ndogo kama njiti ya kiberiti, na mstari wote umepanda juu. Idrissa alisimama akatazama, hakucheka, hakugomba, alisema tu, "Mzee, leo umechoka, tutamalizia siku nyingine," akamlipa hela yote, akaondoka. Siku iliyofuata nililiona lori hilo limeegeshwa upande wa pili wa barabara, mchoraji mwingine wa hapa, kijana, analifuta kwa petroli na kuanza upya. Baba Radhia naye aliliona. Alikuja akakaa mgahawani, akasema, "Dawa imeshindwa, mama Radhia."

Radhia akampigia daktari akamweleza kwamba baba anameza vidonge bila kukosa na hali inazidi. Jumapili tukawa wote kwenye simu, imewekwa spika mezani, Radhia anasema, "Daktari anasema tuzidishe dozi mara mbili. Na kama mwili hautaitikia hata hivyo, basi huenda si Parkinson, ni ugonjwa mwingine wa ubongo ambao hausikii dawa, na huo ni mbaya zaidi, itabidi apigwe picha ya kichwa." Baba Radhia akasema, "Basi tuzidishe." Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikaendelea kuisugua.

Dawa mpya Radhia anaipakia kwenye basi, inafika Jumamosi. Nikimpa hizo mbili mbili za kweli naogopa zitamwangusha, nikiendelea na vitamini wataanza kumtafutia ugonjwa ambao hana, nikisema ukweli hatakula tena kitu kutoka mkononi mwangu na Radhia hatanisamehe. Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na moja, sikuwahi kumdanganya hata bei ya kanga. Naomba uniambie, je, nilikosea kusema ni mapema? Na je, ni kweli dawa hiyo ukiianza mapema inaisha nguvu mapema? Na nifanye nini kabla ya Jumamosi?

Mama wa chapati, Shelui

*

Mama wa chapati,

Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha nilikupigia saa hiyohiyo, maana jambo la dawa halisubiri gazeti. Nilichokuambia kwenye simu nakirudia hapa kwa ajili ya wengine wenye makopo ya iliki majumbani mwao. Hizo za mara mbili usimpe hata moja. Mwili uliokaa wiki tano bila dawa haurushiwi dozi kubwa ghafla. Mpigie daktari leo, umtajie tarehe uliyosimamisha na ulichompa badala yake, yeye ndiye atakayesema aanze na kiasi gani. Jioni ulinitumia ujumbe kwamba umempigia, amesikiliza, amekuwa mkali kidogo, kisha amekushukuru. Vizuri. Hapo ulifanya jambo gumu.

Sasa tuzungumze.

Kuuliza kama ni mapema hukukosea. Nilimuuliza daktari wa mishipa ya fahamu ninayemwamini, akaniambia swali hilo wanaliuliza hata wao kwa wao. Mgonjwa ambaye dalili hazijamzuia kitu anaweza kukaa bila dawa kwa muda, anaangaliwa, hakuna anayekimbizwa. Dalili zikianza kumnyang'anya mtu kazi yake na vifungo vya shati lake, hapo dawa ina maana. Mume wako anakula kwa mkono wa kulia na kazi anaifanya kwa mkono huohuo. Wewe uliona kidole kinacheza. Yeye alikuwa anaona herufi zinapungua.

Kuhusu dawa kuisha nguvu, daktari huyo anasema si akiba ya mahindi ghalani. Kuisubirisha hakuiongezei miaka. Yaliyompata baba yake Marietha yapo, hakukudanganya, lakini yanakuja zaidi kadiri ugonjwa wenyewe unavyokomaa na dozi inavyopanda, si kwa sababu mtu alianza mwezi huu badala ya mwezi ule. Na kutapika na kizunguzungu vilikuwa vya kumrudishia daktari: abadilishe kiasi, abadilishe saa, aangalie presha akisimama. Simu moja. Hukuipiga. Ulikwenda duka la dawa.

Na hapa nakukemea, maana uliomba usikilizwe mpaka mwisho, nami nimekusikiliza. Daktari alisema tuanze dawa tuone mwili unavyoitikia. Kwa ugonjwa huu dawa ndiyo sehemu ya kipimo. Mwili ukiitikia, daktari anapata nguvu ya kusema ugonjwa ndio wenyewe. Mwili ukikataa, anatafuta kwingine. Wewe ulikiona kipimo kikitoa jibu, kwenye vifungo vya shati, na jibu hukulipenda, ukalificha. Tangu siku hiyo daktari, Radhia na mume wako wote walikuwa wanasoma karatasi uliyoiandika wewe. Mtu alikuwa karibu kupigwa picha za kichwa kutafuta ugonjwa wa vitamini B. Zaidi ya hayo, kuna watu wakikatiwa dawa hii ghafla wanakakamaa mwili mzima, wanapata homa, wanaishia wodini. Wako aliepuka hilo kwa bahati, usijipe sifa.

Naelewa ulikuwa unaogopa. Uoga huo si dhambi na hauhitaji kuuombea radhi. Ungemwambia mumeo, "Naogopa," angekujibu kitu. Miaka thelathini na moja mmekaa pamoja, hamkosi la kuambiana.

Radhia naye nina neno naye, kama anasoma. Binti mwema, macho makali, ulimwona baba yako kwa siku mbili vizuri kuliko wengine kwa mwaka. Lakini ulimjibia. Mama yako alikataa kwa niaba yake, wewe ukakubali kwa niaba yake, daktari akaandika, na mwenye mkono amekaa katikati na kofia magotini. Na daktari aliyesema "tuone" bila kueleza tunaona nini, kwa siku ngapi, na dawa ikimtapisha nani apigiwe, naye ana la kujifunza.

Kwenye simu uliniambia, "Daktari nitamwambia, lakini baba Radhia nisimwambie, itamuumiza bure." Hapana. Hiyo ni mara ya pili unaamua kuhusu mwili wake ukiwa jikoni. Mtu huyu sasa hivi anaamini dawa imemkataa. Anaamini ana ugonjwa usiosikia kitu. Kila siku unayonyamaza analala na uongo huo, na ni uongo wa kumtisha, si wa kumlinda.

Basi fanya hivi, na haya nimekutumia pia kwa simu ili usingoje gazeti. Gazeti hili linafika Shelui Ijumaa na basi la mchana. Mwambie kabla ya hapo. Funga mgahawa, chukua kopo lile la iliki, liweke mezani mbele yake, na uanze na jambo lenyewe, usianze na sababu. Sababu zako atakuuliza akitaka. Akikasirika, mwache akasirike. Akikataa chai yako, usimlazimishe. Kisha umuulize anataka nini: aendelee na dawa, asubiri, aende kwa daktari mwingine. Akijibu, fanya alivyosema, hata kama si ulivyotaka. Kuanzia hapo chupa akae nayo yeye. Mfuniko ukimshinda, muulize mwuza dawa akupe chupa yenye mfuniko mwepesi, zipo.

Damari

*

Wiki saba baada ya majibu hayo kuchapishwa ilifika ofisini barua nyingine kutoka Shelui, imeandikwa kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, kwenye karatasi iliyopigwa mistari kwa penseli. Mwandishi ametaka itolewe kama ilivyo.

Mshauri Damari,

Mimi ndiye mgonjwa. Naandika kwa mkono wangu na ndiyo maana nitakuwa mfupi.

Kwanza, ulificha jina langu ukaacha kazi yangu. Wachoraji wa malori Shelui tuko wawili na mwenzangu ana miaka ishirini na tatu. Mpaka Jumamosi madereva walikuwa wananipa pole kutoka dirishani bila kuzima injini. Sikukasirika sana, ila ujue.

Pili, mke wangu aliniambia Alhamisi mchana, kama ulivyomwagiza. Alifunga mgahawa, akaweka kopo mezani, akasema, "Nimekubadilishia dawa wiki tano." Nikamwambia, "Najua." Akakaa chini.

Nilijua tangu siku ya pili. Njano ya vidonge vya kwanza ilikuwa imepauka, yenye madoa, kama rangi iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Njano ya vile vingine ilikuwa nzito, imeingia wekundu kidogo. Nimechanganya rangi miaka thelathini na tano, siwezi kukosea hapo. Nikavitambua ni vitamini, nikavimeza.

Umemkemea mke wangu, umemkemea binti yangu, umemkemea daktari. Mimi umeniacha kama mtu aliyeonewa. Naomba unikemee na mimi. Nilinyamaza kwa sababu nami nilitaka kuona kama bila dawa nitabaki mzima. Nilitaka ushahidi kwamba daktari amekosea, na ushahidi huo nilitaka utafutwe na mtu mwingine, ili usipotokea nisiwe na wa kumlaumu ila yeye. Hata siku ya lori la Idrissa niliposema dawa imeshindwa, nilijua hakuna dawa tumboni mwangu. Nilisema ili nione uso wake. Aliangalia sufuria. Wakati ule ningeweza kusema, sikusema. Kwenye simu Radhia alipotaja dozi mara mbili nilikubali upesi, nikijua nitamezeshwa vitamini mbili mbili. Tulikuwa watu wawili wazima mezani, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa jambo lilelile, na mtoto analia kwenye simu.

Tulikwenda tena Dodoma. Safari hii niliingia chumbani peke yangu, wao wakakaa nje kwenye benchi. Daktari aliniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Nikasema nataka kushuka ngazi kwa miguu yangu na nataka mstari usipande. Akasema anaweza kunisaidia kwa hilo la mstari, na ngazi niiache. Tulibishana. Ngazi nimeiacha. Nachora maandishi ninayoyafikia nikiwa nimesimama chini, na napiga mistari kwa chaki kwanza, jambo ambalo zamani nilikuwa nawacheka wanaolifanya.

Ameniambia bado hawezi kuapa kwamba ni Parkinson, ataniona tena baada ya miezi mitatu. Nilianza na nusu kidonge, kwa chakula, nikapanda polepole. Kichefuchefu kilikuja siku nne, nikampigia mwenyewe, akanielekeza, kikapungua. Vifungo nafunga. Kola bado inanisumbua siku nyingine. Siku nyingine mke wangu anaifunga. Mara mbili nimeahirisha kidonge cha mchana kwa makusudi nione itakuwaje, nikamwambia daktari, akanikataza, nimeacha. Chupa naiweka kwenye mfuko wa shati.

Chai ya mke wangu nilikaa siku tatu bila kuinywa. Siku ya nne nilikuwa na kiu.

Marietha wa Mkiwa alikuja kunisalimia na kulia. Nikamwambia hakufanya kosa, alieleza alichokiona kwa mzee wake. Nikamuuliza mzee wake aliishi miaka mingapi na dawa hiyo. Akasema kumi na minne, na kumi ya hiyo alikuwa analima. Hilo mke wangu hakuniambia, na sidhani alimuuliza.

Sasa ombi langu. Wasomaji wako wananiletea ushauri kupitia gazeti, mmoja majani ya kuchemsha, mwingine namba ya mchungaji, mwingine anasema niache dawa kabisa, mwingine anasema nizidishe. Wote wanaandika kwako, wanampigia mke wangu, wanampigia Radhia. Kama kuna atakayetaka kujua naendeleaje, au nianze nini, au niache nini, namba yangu imeandikwa kwenye malori yasiyopungua mia mbili kati ya hapa na Nzega, chini kulia, kwa rangi nyeupe. Waambie wanipigie mimi.

Rahimu, mchoraji, Shelui